Treni Yenye Propela, na Mbao za Njombe



Leo naomba tuweke siasa pembeni tuzungumze treni. Si hii ya umeme ya kwenda Dodoma ambayo kila mtu ameshapiga nayo picha. Nazungumzia treni za magogo, zile zinazopanda mlima taratibu kiasi kwamba abiria angeweza kushuka, akachimba dawa, akaidaka tena palepale mbele.

Kwa wenzetu wa Marekani, Uingereza na Ujerumani kuna watu, wengi wao wastaafu, wenye starehe ambayo huku kwetu tungeiita ya kitoto: wanajenga reli bustanini. Reli kabisa, yenye mataruma, madaraja na vituo, inazunguka kati ya maua na nyanya. Upana wake mara nyingi ni milimita 45, kipimo kilichoenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Lehmann ilipoanza kuuza treni zake za LGB mwaka 1968. Wengine hawataki umeme. Wanawasha moto wa gesi kweli, maji yanachemka kweli, mvuke unatoka kweli. Na ndani ya kundi hilo kuna kundi jingine dogo lenye wazimu wake: hao wanapenda injini za gia za msituni tu, zenye majina kama Shay, Climax na Heisler. Nimetazama video zao mpaka bando limekata.

Kilichoninasa ni kwamba mtu aliyekulia Makambako akiitazama Shay kwa dakika moja anaanza kucheka. Anaijua. Ni Fuso!

Ngoja nieleze. Injini ya kawaida ya mvuke haina gia. Pistoni inasukuma mkono wa chuma, mkono unazungusha gurudumu. Pistoni ikienda na kurudi mara moja, gurudumu limezunguka mara moja, basi. Tambarare hilo ni jambo zuri, treni inachapa mwendo. Lakini ipeleke msituni, kwenye reli ya haraka haraka iliyotandikwa juu ya udongo laini, yenye kona kali na mlima mbele, halafu uifunge magogo nyuma. Magurudumu yanateleza au injini inazimia njiani.

Ephraim Shay alikuwa mkata magogo wa jimbo la Michigan. Katika miaka ya 1870 alichoka kusubiri theluji ndipo avute magogo yake, akaanza kuunda kitu cha kwake. Silinda alizisimamisha wima ubavuni, upande wa kulia. Zikazungusha mhimili mrefu unaopita kando ya magurudumu, na ule mhimili ukazungusha kila ekseli kwa meno ya gia. Kwa kuwa magurudumu ya chini lazima yageuke kwenye kona, mhimili aliukata vipande akauunga kwa viungo vinavyopinda. Nenda gereji yoyote pale Makambako, mchoree fundi mchanga kitu hicho chini kwa kijiti, atakwambia: propela hiyo, na krosi zake. Boila nayo ilisogezwa kushoto ili kusawazisha uzito wa silinda, kwa hiyo ukiitazama kwa mbele imekaa upande, kama mama aliyebeba mtoto kiunoni.

Hataza yake ilitoka mwaka 1881. Kiwanda cha mji wa Lima, Ohio, kiliziunda kwa wingi, na mpaka ya mwisho ilipotoka mwaka 1945 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 2,700. Ya mwisho yenyewe bado ipo, huko Cass, West Virginia, kwenye reli iliyoanza mwaka 1901 kwa ajili ya magogo na ambayo tangu 1963 inabeba watalii. Kuna sehemu pale reli inapanda mita 11 katika kila mita 100. Ukisikia sauti yake bila kuiona utadhani inakimbia kama ambulansi. Geuka uitazame: inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Pistoni zinahangaika, magurudumu yanasogea polepole. Umetoa kasi, umechukua nguvu. Dereva yeyote wa lori aliyewahi kupanda Kitonga na mzigo anafanya biashara hiyo hiyo kwa mkono wake wa kushoto.

Kuna upande wa pili wa mashine hii ambao wazee wa bustanini hawauzungumzii sana. Reli ya msituni mara nyingi ilikuwa reli ya kuhama. Unatandika, unakata miti, inaisha, unang'oa reli unakwenda kutandika bonde la pili. Mlima unabaki na visiki. Na ilisafiri na watawala. Wajapani walipoitawala Taiwan walijenga reli ya Alishan, ikafunguliwa mwaka 1912, inatoka karibu na usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 2,200, ikizunguka kilima kimoja kama nyoka aliyejiviringisha. Injini zake zilikuwa Shay kutoka Ohio. Walichofuata juu ni miti mikubwa iliyokuwa imesimama kwa karne nyingi.

Sasa na sisi?

Sisi tuliwahi kuwa na reli ya magogo, ila si Njombe. Ilikuwa Tanga. Wajerumani walianza mwaka 1904 kujenga njia nyembamba, upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni karibu na Muheza kuingia msitu wa Usambara Mashariki. Ni kilomita 23 hivi tu, lakini ilifika Sigi mwaka 1910. Kilomita 23 kwa miaka sita inakupa picha ya ardhi yenyewe. Penye mwinuko mkali hawakuzunguka, walipiga zigizaga: treni inapanda inafika mwisho wa reli, wanageuza njia, inarudi kinyumenyume ikipanda tena, halafu mbele tena. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa kituo cha Sigi imebaki, na ndiyo inayopokea wageni wa hifadhi ya Amani. Watalii wanapumzika hapo wakitazama vipepeo.

Upande wa pili wa Usambara, juu Shume, kampuni ya Wilkins na Wiese ilitaka mierezi. Huko hata zigizaga isingefaa kitu, ule ukingo wa mlima unashuka kama ukuta. Basi wakafunga kamba ya chuma angani, kilomita tisa hivi, kutoka kwenye kiwanda chao cha mbao mpaka kituo cha Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Mbao zikashuka zikining'inia juu ya mabonde. Wajerumani waliionea fahari sana ile kamba. Wasichokiweka mbele ni kwamba katika wilaya hiyo hiyo ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, mwaka 1907 utawala ulianzisha kadi za kazi: kila mwanaume mzima alitakiwa kufanya siku 30 za kazi kwa walowezi katika kila miezi minne. Kamba ilishusha mbao. Kuna mikono iliyozifikisha kwenye kamba.

Nimeyaeleza haya yote ili nifike nyumbani. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni mkoa wa miti kuliko kitu kingine chochote, labda viazi. Lakini miti yetu ina tofauti moja kubwa na ile ya Usambara na Alishan: imepandwa. Mwaka 1949 shirika la maendeleo la wakoloni wa Kiingereza lilianzisha kampuni ya miwati, hii tunayoiita TANWAT, wakitaka magome ya kutengenezea dawa ya ngozi. Kaskazini kidogo, Sao Hill, serikali ilipanda misonobari, na katika miaka ya 1970 shamba likapanuliwa sana kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Baadaye wananchi nao wakaiga. Leo mwalimu, nesi, polisi mstaafu, kila mtu ana ekari zake mbili tatu za paini au mikaratusi, ndiyo benki yake na ndiyo ada ya mtoto chuo.

Msitu wa namna hiyo haukatwi wote kwa mpigo na mtu mmoja anayeondoka zake. Unakatwa vipande vipande, huyu leo, yule mwakani, na mashine zetu za dingdong zinahama shamba hadi shamba, zinapasua gogo palepale lilipoangukia. Kwa maneno mengine dingdong ndiyo Shay yetu. Badala ya kuleta gogo kwenye kiwanda, kiwanda kinaletwa kwenye gogo. Vijana wanabeba mbao kichwani mpaka barabarani, lori linachukua. Hakuna ambaye angetandika reli kwa ajili ya ekari mbili.

Lakini hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu reli tunayo. Imepita mlangoni.

Wazo la kupeleka reli kusini-magharibi ni la zamani kuliko Mchina. Mhandisi Clement Gillman alipima njia za huko, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1929. Dunia ikaanguka kiuchumi, ripoti ikabaki kabatini. Miaka ya 1960 Zambia isiyo na bahari ikajikuta imebanwa na Rhodesia ya walowezi, Waingereza na Wamarekani wakasema reli hiyo haina faida, Mwalimu na Kaunda wakaenda Beijing. Hiyo mnaijua, tulifundishwa shule. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi.

Shule hawakutufundisha kwamba kipande kigumu kuliko vyote kinaishia kwetu. Kutoka Mlimba kwenye bonde la Kilombero mpaka Makambako ni kilomita 158 hivi, na ndani yake kuna mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za mita 50. Na injini walizotuletea Wachina, zile za DFH, herufi zenye maana ya "Mashariki ni Nyekundu", zilikuwa za dizeli, lakini nguvu haikupita kwenye nyaya za umeme kama ilivyo katika injini nyingi za siku hizi. Ilipita kwenye mashine ya mafuta yanayozunguka, halafu ikashuka kwenye magurudumu kwa mihimili na gia. Propela tena! Ndugu wa mbali wa Shay aliyezaliwa China. Tatizo ni kwamba ule mlima wa Mlimba uliwashinda ubavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 TAZARA ilichukua injini za muundo wa Kimarekani zilizoundwa Ujerumani. Reli ya Wakomunisti, ikavutwa na mabepari wa pande mbili. Historia ina utani wake.

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani nikamwambia mpwa wangu wa darasa la sita tujenge TAZARA nyuma ya nyumba. Tukaanza na hesabu. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Ukitaka iingie kwenye milimita 45 za wale wazee, lazima upunguze kila kitu karibu mara 24. Basi daraja la Mpanga lingekuwa na urefu wa mita mbili na kidogo, yaani lingenipita kichwani. Na kipande cha Mlimba mpaka Makambako peke yake kingehitaji kilomita sita na nusu. Tungetoka nyuma ya nyumba, tukapita sokoni, tukaishia kwenye mashamba ya watu. Tukapunguza ndoto. Tukatandika mita kumi.

Reli zilikuwa mianzi iliyopasuliwa, mataruma yalikuwa mabanzi ya paini. Magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji vilivyobandikwa kwenye maduara ya bati makubwa kidogo, ili kuwe na ukingo wa kushika reli, na vikavishwa utepe wa tyubu ya baiskeli visiteleze. Mota ilitoka kwenye redio mbovu, gia za plastiki zilitoka kwenye printa mbovu zaidi. Kutoka kwenye tuta la viazi mpaka ukutani reli ilipanda sentimita 60, ambayo ni mara tatu ya mwinuko mkali kabisa wa TAZARA wenyewe.

Kwanza tulifunga mota moja kwa moja kwenye ekseli, makusudi, ili dogo aone. Tambarare ilikimbia vizuri. Ilipogusa mlima ikaanza kunguruma, ikasimama. Kisha tukaweka gia. Ikapanda na vijiti vinane vya miwati mgongoni, mita kumi kwa dakika nane. Kwa kipimo chake ni mwendo wa bibi anayetoka mnadani na mzigo.

"Mjomba, mbona haikimbii?"

Nikamweleza ya kasi na nguvu, akanisikiliza kwa adabu. Baadaye nikakuta amefungua behewa lenye magogo, ameliachia lenyewe kutoka juu. Likashuka kama risasi, likaruka kona, likazama kwenye viazi. Akalirudisha, akalifunga kwenye injini, akawasha kinyume. Likashuka taratibu, gia zikilishikilia. Akafanya hivyo mara sita. Mtoto aliona jambo ambalo mimi na video zangu zote sikuwa nimelitilia maanani: magogo hayapandi. Magogo yanashuka.

Fikirieni hilo wadau. Miti iko juu, soko liko chini. Kule Cass injini ilipanda na mabehewa matupu, ikashuka na mzigo, kazi yake kubwa ikiwa kuzuia. Shume hivyohivyo, Sigi hivyohivyo. Na Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Dar iko baharini. Mbao ya Njombe ikipakiwa kwenye behewa Makambako, ule mlima wote wa mahandaki 18 inauteremka. Kinachopanda ni mbolea, mafuta na bati. Kwa hiyo tukisema mbao haziendi kwa treni kwa sababu ya milima, tunaisingizia milima.

Simama asubuhi pale njia panda ya Makambako, barabara ya Songea inapokutana na ile ya Mbeya na Dar. Barabara ya Songea tuliipata ya lami miaka ya 1980. Malori ya mbao yanatoka Njombe, kilomita sitini hivi, yanafika mjini, yanaipita stesheni, yanaendelea na Kitonga. Lori lililopakiwa shambani Lupembe halina sababu ya kushusha Makambako ili mbao zipakiwe tena. Kila kushusha na kupakia kuna vibarua wa kulipwa, na behewa halitaki mbao mia tatu, linataka lijae. Lori linaondoka usiku huo huo. Treni itaondoka itakapoondoka. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilifikia zaidi ya milioni 1.2 miaka ya mwanzo, kisha ikaporomoka mpaka chini ya tani laki moja mwaka wa fedha 2014/15. Mfanyabiashara wa mbao hahitaji kusoma takwimu hizo. Alishazisoma mgongoni mwake.

Na msiseme reli kubwa haiwezi mizigo midogo, kwa sababu iliwahi kuiweza. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu TAZARA, alifuatilia treni ya kawaida, si ile ya shaba. Akakuta reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya Zambia imegeuzwa na wakulima wa Kilombero kuwa ya ndizi, mpunga na magunia mawili matatu, yanapandishwa Makambako kuuzwa. Kulikuwa na treni fupi ambayo watu waliiita kipisi. Mama na mikungu yake alipanda, mkungu ukalipiwa, safari. Hakuna mpango mkuu wa Beijing, Lusaka wala Dar ulioitaja mikungu hiyo, lakini ndiyo iliyojenga nyumba za bati kandokando ya reli.

Septemba 2024 marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, na Septemba 2025 ukasainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Injini mpya, mabehewa mapya, reli ikarabatiwe. Mimi nafurahi, nimezaliwa nikisikia honi ya treni hiyo. Ila nikisoma habari zake naona shaba, shaba, na tena shaba. Ningependa kuona mahali palipoandikwa uwanja wa kupakia mbao Makambako, behewa ambalo watu kumi wanaweza kulijaza kwa pamoja kila mmoja na mbao zake, na saa ya kuondoka ambayo ni saa kweli. Mwenye ekari mbili Lupembe hana tani milioni. Ana mbao mia tatu za mbili kwa nne, na zinatakiwa Buguruni Jumatatu.